Msinililie Wang So

Kila mwaka kuna mtu mpya anayegundua Moon Lovers: Scarlet Heart Ryeo, na kila mwaka mtu huyo huja kunililia mimi. Juzi ilikuwa zamu ya binamu yangu. Ujumbe wa sauti wa dakika nne, saa nane za usiku, nusu yake kamasi. Wang So amebaki peke yake. Wang So hakupendwa hata na mama yake mzazi. Wang So na ile barakoa, na lile kovu, na macho yake, manze, yale macho! Nikamjibu kwamba Wang So halisi, yule ambaye historia inamwita Mfalme Gwangjong, alimwoa dada yake wa baba mmoja, akaongeza na binti wa kaka yake, na kwamba alifunga watu wengi mpaka magereza yakajaa ikabidi yajengwe mengine ya muda. Akanitoa kwenye grupu ya familia. Yeye ndiye admini.

Nakubali ile ya ndoa ilikuwa pigo la chini. Katika nyumba ile ya kifalme ilikuwa kawaida. Baba yake, Wang Geon, aliyeanzisha enzi ya Goryeo mwaka 918, alioa wake 29 kutoka kwa wakubwa wa kila pembe ili awafunge kwa undugu, na watoto wakaozana wao kwa wao ili mamlaka yasitoke nje. Hiyo sio kesi yangu. Wala kesi yangu sio drama. Nimeitazama ile kitu mara mbili na mara zote mbili nililia, IU akilia nami nalia. Kesi yangu ni kile kinachofuata baada ya kipindi cha 20, pale watu wazima, wenye digrii, wanapoanza kuongea kuhusu wafalme wa Goryeo kana kwamba ni wajomba zao. Huyu alikuwa na huruma. Huyu alikosewa. Huyu alipenda kweli. Wafalme walikuwa 34 kutoka 918 mpaka 1392, na kwa kila mmoja kuna mtu Nairobi aliye tayari kumtetea ndani ya matatu.

Basi nami nina kipimo changu, na ni kimoja tu. Usiniambie alimpenda nani. Niambie alifanya nini na watumwa.

Kikorea kinawaita nobi. Walinunuliwa, waliuzwa, walirithishwa, na walizaa watoto ambao walikuwa mali kabla hawajakatwa kitovu. Sisi tunaoongea Kiswahili tusijifanye hatuelewi. Lugha yetu ina mtwana na mjakazi, ina suria, ina mpaka neno mzalia, la mtumwa aliyezaliwa nyumbani kwa bwana. Na ina neno muungwana, ambalo leo tunampa yeyote anayekupisha mlangoni, lakini lililoanza kwa kumaanisha tu mtu asiye mtumwa. Goryeo walikuwa na ujanja uleule. Mtu huru aliitwa yangin, na maana yake ya neno kwa neno ni mtu mwema. Aliyebaki chini aliitwa cheonin, mtu duni. Yaani lugha ilishatoa hukumu kabla ya mfalme kufungua mdomo.

Wang Geon alijua. Hilo ndilo linaloniudhi kuhusu mwanzilishi. Alipotwaa kiti mwaka 918 alikuta watu waliouzwa kwa sababu ya njaa, na akatoa vitambaa vya hazina ya ikulu kuwakomboa zaidi ya elfu moja. Kwa hivyo usiniambie hakuona tatizo. Lakini vita vya kuziunganisha falme tatu viliendelea mpaka 936, na kila vita ilizaa mateka, na mateka waligawiwa majenerali kama zawadi. Alitaka kuwaachilia hao pia, ndivyo anavyosimulia waziri mmoja wa baadaye, Choe Seungno, lakini akaogopa kuwaudhi majenerali wake. Akaacha. Mtu mwenye wake 29 wa kisiasa alikuwa anajua kuhesabu gharama.

Mwanawe hakuogopa. Na hapa lazima nimpe Wang So haki yake, ndiyo maana nimekasirika hivi na drama. Mwaka 956 Gwangjong alitoa amri kwamba watumwa wachunguzwe mmoja mmoja: aliyekuwa mtu huru akafanywa mtumwa kwa vita au kwa nguvu, arudishiwe uhuru wake. Miaka miwili baadaye akaanzisha mitihani ya kuingia serikalini, kwa ushauri wa Shuang Ji, mgeni kutoka Uchina, ili cheo kitokane pia na kalamu na sio baba peke yake. Malkia wake, Daemok, yule dada, alimsihi asiendelee na ile sheria ya watumwa. Akakataa.

Ati alifanya hivyo kwa sababu ya siasa. Najua. Mtumwa alikuwa jembe la bwana wake mashambani na mkuki wa bwana wake vitani, na hakulipa kodi kwa mfalme. Ukimwachilia, bwana amepungua na mfalme ameongezeka. Najua pia kwamba kuanzia 960 alianza kuwamaliza wakubwa na ndugu zake kwa tuhuma, mpaka mwanawe wa pekee akawa anashukiwa. Sio mtakatifu. Na ile sheria haikufuta utumwa. Aliyezaliwa mtumwa kwa utaratibu alibaki mtumwa. Lakini yule mama aliyerudi kijijini mwaka 956 akiwa huru hakuuliza nia ya mfalme ilikuwa safi kiasi gani. Mimi nani nimuulizie?

Kati ya wafalme wote wa Goryeo, huyu ndiye aliyefanya jambo kubwa kuliko yote kwa watu wa chini kabisa, na tunachokumbuka ni mapenzi yake. Hapo ndipo ninapotaka kupasua simu.

Sasa nikuonyeshe mfalme mwema. Seongjong, aliyetawala 981 hadi 997. Huyu hana drama ya kuliza mtu lakini ana sifa katika kila kitabu: msomi, mpole, alipeleka maafisa mikoani, alijenga maghala ya nafaka za akiba, alianzisha chuo cha taifa. Mwaka 982 Choe Seungno akampa waraka wa hoja 28. Humo alimsifu Gwangjong kwa miaka yake minane ya kwanza, kisha akamshtaki kwa yaliyofuata, na kuhusu watumwa alilalamika kwamba watu duni walipata kichwa, wakawadharau wenye hadhi, wakawasingizia mabwana zao. Mwaka 987 Seongjong akasikia kilio hicho. Mtumwa aliyeachiliwa huru na akamdharau bwana wake wa zamani, arudishwe utumwani.

Soma tena kosa. Sio wizi. Sio kuua. Ni dharau. Kutoka 956 hadi 987 ni miaka 31. Kuna mtu aliachiliwa akiwa kijana, akaoa, akalima chake, akazeeka, halafu siku moja hakuinama vizuri mbele ya mtoto wa bwana wake wa zamani, na kwa hilo akarudi kuwa kitu. Waliofanya hivyo ni watu waliosoma, wenye sauti ya chini, wenye adabu. Katili mwenye barakoa aliwatoa. Mwema mwenye kitabu akawarudisha. Kama unatafuta mfalme wa kumchukia Goryeo, mimi nakupendekezea huyu.

Nitaruka miaka sasa. Ndiyo, najua Korea-Khitan War, najua Gang Gam-chan akiwa mzee wa miaka sabini alivyowapiga Wakhitan kule Gwiju mwaka 1019, ni tamu, endelea kutazama. Mimi naenda 1170, mwaka ambao wanajeshi waliamka.

Wafalme walikuwa wamewalea wasomi na kuwadharau askari kwa muda mrefu. Kuna kisa cha mtoto wa waziri aliyechoma ndevu za afisa wa jeshi, Jeong Jungbu, kwa mshumaa, kwa utani. Kisha katika safari ya mfalme Uijong, msomi kijana akamzaba kofi jenerali mzee mbele ya watu, wakubwa wakacheka. Usiku huo vichwa vilianguka. Mfalme akaondolewa, akapelekwa kisiwani Geoje, na mwaka 1173 akauawa na mtu anayeitwa Yi Uimin, ambaye anasemekana alimvunja uti wa mgongo kwa mikono yake na mwili ukatupwa kwenye bwawa.

Simama hapo kidogo kwa huyu Yi Uimin. Baba yake aliuza chumvi. Mama yake alikuwa mjakazi wa hekalu. Mtoto wa mjakazi akavunja mgongo wa mfalme, kisha akapanda mpaka akawa mtu mwenye nguvu kuliko wote nchini, hadi 1196 alipouawa na Choe Chungheon. Na Choe Chungheon akaanza kubadilisha wafalme kama vile sisi tunavyobadilisha laini za simu: akamtoa Myeongjong mwaka 1197, akamweka Sinjong, na mbele ya safari akaja kumtoa mwingine tena. Familia yake ilishika nchi miaka sitini na ushei huku wafalme wamekaa tu, wamevaa vizuri.

Choe Chungheon alikuwa na mtumwa. Jina lake Manjeok.

Mwaka 1198 Manjeok na wenzake walipanda mlima ulioko kaskazini mwa mji mkuu, Gaegyeong, kukata kuni. Huko akawaita watumwa wengine akawahutubia. Maneno yake yameandikwa, na ni maadui zake walioyaandika, kwa hivyo siyanukuu, lakini hoja yake ilikuwa hii: tangu 1170 wakubwa wengi wametoka kwa watu duni, je, majenerali na mawaziri wana mbegu yao ya pekee? Wakati ukifika, yeyote anaweza. Kwa nini sisi tuvunjike mifupa chini ya mjeledi?

Mbegu. Shika hilo neno, tutalihitaji.

Wakakata karatasi za njano kwa maelfu, na kwenye kila moja wakaandika herufi moja, jeong, inayotumika kwa mwanamume mzima, iwe alama ya kutambuana. Fikiria kazi hiyo. Watu ambao hawana muda wao wenyewe, wanaotumwa tangu alfajiri, wakaiba dakika za kukata karatasi elfu kadhaa. Mpango ulikuwa wakutane hekalu la Heungguk, wapige ngoma na kelele, wamuue kwanza Choe Chungheon, kisha kila mtu amwendee bwana wake mwenyewe, halafu wachome daftari za watumwa ili nchini kusiwe tena na mtu duni. Sikiliza hiyo hatua ya mwisho. Hakuomba kiti cha mfalme. Alitaka makaratasi.

Siku ikafika, wakaja mia kadhaa tu. Manjeok akaona hawatoshi, akaahirisha kwa siku chache, wakutane hekalu lingine, akasisitiza siri. Mmoja wao, Sunjeong, mtumwa wa afisa aitwaye Han Chungyu, akaenda kumwambia bwana wake. Bwana akamwambia Choe Chungheon. Manjeok na wengine zaidi ya mia moja wakakamatwa na kutupwa mtoni.

Na Sunjeong akalipwa. Alipewa fedha, yang 80, na akapewa kitu kimoja zaidi: aliandikwa mtu huru. Alipata kile kile ambacho wenzake walizamishwa kwa kukitaka. Serikali ilijua kabisa thamani ya uhuru. Ndiyo maana ilitumia uhuru kama malipo.

Mfalme alikuwa wapi? Alikuwepo. Sinjong, kwenye kiti, mwaka wake wa kwanza. Hakuna la kusema juu yake.

Hapa huwa kuna mtu anainua mkono. Usihukumu watu wa zamani kwa macho ya leo, ananiambia, kila nchi ilikuwa na watumwa, hata Pwani yetu. Sawa bana, Pwani yetu pia, na siiondoi kwenye mashtaka. Lakini macho gani ya leo? Manjeok ni wa leo? Alikuwa na macho ya 1198 na aliona vizuri sana. Malkia Daemok aliona, ndiyo maana aliogopa. Choe Seungno aliona, ndiyo maana aliandika. Ukisema "wakati ule watu hawakujua," umesema mtumwa si mtu, kwa sababu yeye alijua kila asubuhi.

Kisha wakaja Wamongolia, mwaka 1231, na hapo ukweli ukatoka hadharani kama nguo ya ndani juu ya kamba.

Mji wa Chungju. Adui anakaribia. Kulikuwa na kikosi cha wakubwa na kikosi cha watumwa na watu duni. Wakubwa wakakimbia. Watumwa wakabaki, wakapigana, wakaulinda mji. Hatari ilipopita maafisa wakarudi, wakahesabu vyombo vyao vya fedha, wakaona vimepungua. Watumwa wakasema Wamongolia ndio waliochukua. Maafisa wakapanga kuwaua viongozi wa wale wale waliookoa mji. Watumwa wakasikia, wakaasi. Ungetegemea nini?

Mwaka 1232 familia ya Choe ikamchukua mfalme Gojong na ikulu yote ikahamia kisiwa cha Ganghwa, kwa kuwa Wamongolia hawakupenda maji. Ilikuwa hesabu nzuri kwa aliyekuwa kisiwani. Bara ikabaki na wasio na mashua. Katika uvamizi wa 1254 peke yake, historia ya enzi inaandika kwamba waliochukuliwa mateka ni zaidi ya watu 206,800, na waliokufa hawahesabiki. Kodi iliendelea kuvushwa kwenda kisiwani.

Na 1253, Chungju tena. Safari hii kamanda ni Kim Yunhu, aliyekuwa mtawa. Mji umezingirwa siku zaidi ya 70, chakula kimeisha. Kim Yunhu anawaambia watu kwamba atakayepigana, awe mkubwa au mdogo, atapata cheo. Kisha, ili wamwamini, anazitoa daftari za watumwa wa serikali na kuzichoma mbele yao, na kuwagawia ng'ombe na farasi waliotekwa. Wakapigana kama simba. Mji haukuanguka.

Miaka 55 tu. Manjeok alizamishwa kwa kutaka kuzichoma, Kim Yunhu akapandishwa cheo baada ya kuzichoma. Karatasi ni zile zile. Kilichobadilika ni nani anayehitaji mwili wako ukutani.

Sasa twende kwa yule ninayemdai kuliko wote. Mfalme Chungnyeol, 1274 hadi 1308.

Wafalme wa Goryeo walishasalimu amri kwa Kublai. Chungnyeol alioa binti ya Kublai, na kuanzia kwake wafalme wakapoteza majina ya heshima waliyokuwa wakipewa baada ya kufa, wakapewa majina yanayoanza na chung, yaani mwaminifu, mwaminifu kwa enzi ya Yuan. Chungnyeol, Chungseon, Chungsuk, Chunghye, Chungmok, Chungjeong: waaminifu sita kwa mpigo. Na kumbuka kwamba mwaka 1260 Kublai alikuwa ameahidi kwamba Goryeo wabaki na mavazi na desturi zao. Chungnyeol mwenyewe alinyoa kichwa kwa mtindo wa Kimongolia akiwa bado mrithi, na mwaka 1278 akaamuru watu wake wavae na kunyoa hivyo hivyo. Hakulazimishwa na ahadi ile. Alitoa nywele, akatoa nguo, akatoa jina, akatoa meli na watu kwa ajili ya kuivamia Japani mara mbili.

Kisha, mwaka 1299, serikali ya Yuan ikamleta afisa aitwaye Giwargis. Akazitazama sheria za Goryeo na moja ikamshtua. Goryeo, mzazi mmoja akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa. Baba huru, mama mjakazi: mtumwa. Mama huru, baba mtumwa: mtumwa. Giwargis akataka igeuzwe: mzazi mmoja akiwa huru, mtoto awe huru.

Na hapo, wasee, hapo ndipo mfalme wetu alipopata uti wa mgongo. Mwaka 1300 Chungnyeol alimwandikia mfalme mkuu wa Yuan kupinga. Alisema mwanzilishi wa enzi aliwausia wazao wake kwamba watu hawa duni mbegu yao ni tofauti, wasiachiliwe kuwa huru, kwa sababu wakiwa huru watapata vyeo, wataingia serikalini, watapindua nchi. Akakumbusha kwamba Kublai aliruhusu desturi za Goryeo zibaki.

Mbegu yao ni tofauti. Miaka 102 baada ya Manjeok kuuliza lile swali mlimani na kuzamishwa bila kujibiwa, hili hapa jibu, kwa mwandiko wa ikulu. Na yule mwanzilishi anayetajwa kuwa aliusia hivyo ni yule yule aliyewakomboa watu elfu kwa vitambaa vya hazina.

Yuan wakakubali. Giwargis akaondolewa 1301. Kuna wanaoisoma barua hiyo kama ushujaa: taifa dogo likilinda desturi yake mbele ya himaya. Nisamehe, lakini mimi nimeshindwa. Ahadi ya Kublai ilikuwepo wakati wa nywele na hakuitumia. Ilikuwepo wakati wa nguo. Aliikumbuka siku ambayo mali ya wakubwa wake iliguswa. Siseme Giwargis alikuwa malaika; alikuwa chombo cha himaya, na himaya hupenda kuvunja misuli ya wenyeji. Ila mtoto wa mjakazi wa Gaegyeong angeamka huru, na mfalme wake mwenyewe ndiye aliyesimama mlangoni.

Chunghye simpi nafasi. Mfalme aliyebaka wake wa baba yake, aliyeburutwa na wajumbe wa Yuan mwaka 1343 na kufia njiani kwenda uhamishoni, na habari ikafika nyumbani watu wadogo wakarukaruka kwa furaha. Namtaja kwa sababu moja: drama ya Empress Ki ilipokuwa inaandaliwa mwaka 2013, huyo ndiye aliyepangwa kuwa mpenzi mwenye huzuni wa shujaa wetu. Wakorea wakapiga kelele, stesheni ikambadilisha kuwa mfalme wa kubuni, Wang Yu. Kwa hivyo inawezekana. Watazamaji wakikataa, mambo hubadilika. Sisi huku tunatuma emoji za moyo.

Gongmin nakuachia nusu. Alivua nguo za Kimongolia, mwaka 1356 akawaondoa vibaraka wa Yuan, na ndiyo, alimpenda mkewe, Binti Mfalme Noguk, aliyefariki akijifungua mwaka 1365, na akakaa na picha yake akimlilia. Lia, nakuruhusu. Lakini mwaka huo huo alimpa mamlaka mtawa Shin Don, mtoto wa mjakazi wa hekalu. Shin Don akafungua ofisi ya kurudisha ardhi zilizonyakuliwa na watu waliofanywa watumwa kwa nguvu: siku 15 kwa walio mjini, 40 kwa walio mikoani, rudisha mwenyewe au ushtakiwe. Watumwa walimwona kama mtu aliyeshushwa. Wakubwa walimwona kama shetani mpenda wanawake, na hao ndio walioshika kalamu. Mwaka 1371 mfalme akachoka naye, na Shin Don akauawa. Miaka mitatu baadaye mfalme naye akauawa kitandani na watu wake wa karibu.

Najua kuna drama ya mtumwa pia, God of War ya 2012, ya Kim Jun, mwana wa mtumwa aliyeangusha familia ya Choe mwaka 1258. Nzuri. Lakini ona ni mtumwa yupi aliyepewa vipindi 56: aliyepanda. Alipofika juu utumwa ulibaki pale pale.

Mwisho wake ulikuwa hivi. Jenerali Yi Seonggye aligeuza jeshi mwaka 1388 akamwondoa Mfalme U, mwana wa Gongmin, na akawekwa mtoto wa U, Chang, mwenye miaka minane hivi. Kisha ikahitajika sababu ya kuwaondoa wote. Sababu iliyopatikana ni kwamba U si wa ukoo wa Wang, bali ni mtoto wa Shin Don aliyezaa na mjakazi wake. Si damu ya mfalme. Ni damu ya mtawa mtoto wa mtumwa. Mbegu tofauti. Mwaka 1389 wakauawa, baba na mtoto, na Goryeosa, historia rasmi iliyokamilishwa 1451, haikuwaandika kati ya wafalme. Iliwaweka kwenye sura za wasaliti, ikambadilisha U jina la ukoo akaitwa Shin.

1392 enzi ikafungwa. 1394 utawala mpya wa Joseon ukaamuru ukoo wa Wang umalizwe. Wengi walitupwa baharini, Ganghwa na Geoje, kwa kosa la kuzaliwa. Katika koo za Korea leo bado husimuliwa jinsi waliosalia walivyobadilisha majina: herufi ya Wang, mfalme, ukiiongezea nukta moja ya wino inakuwa Ok. Ndivyo walivyojificha wajukuu wa Wang Geon, na baba akamfundisha mtoto aandike jina jipya bila kukosea.